Kishale Kinapogonga Ukuta: Kupanga Skrini Mbili au Zaidi kwenye Kompyuta Mpakato

Skrini ya pili iko kushoto kwako, lakini kishale cha kipanya hakiingii humo mpaka ukisukume kulia. Unakisukuma kushoto kwa mazoea, kinagonga ukingo na kukwama. Unakumbuka, unakirudisha, unazunguka nacho upande wa pili. Niliwahi kukaa na mhasibu mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi, Dar es Salaam, aliyefanya kazi hivyo kwa miezi minne, tena wakati wa kufunga hesabu, taarifa ya benki ikiwa upande huu na mauzo ya mwezi upande ule. Aliniambia ameshazoea. Tulipolirekebisha tatizo hilo, kwa muda usiofika hata dakika moja, alinyamaza kwanza, halafu akasema neno moja tu: "Kumbe!" Kumbe hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, maana najua ofisi nyingi zina mtu kama yeye, anayebeba kila siku mzigo ambao hakupaswa kuubeba hata asubuhi moja.

Kompyuta haioni meza yako. Ukichomeka monita, inachojua ni kwamba imepata uso mwingine wa kuchorea picha, wenye upana fulani na urefu fulani. Kama uso huo uko kushoto, kulia, au juu ya kabati, haijui. Kwa hiyo inajichorea ramani. Skrini kuu inawekwa kwenye sifuri ya ramani hiyo, na nyingine zote zinapimwa kuanzia hapo: ya kulia inapewa namba zinazopanda, ya kushoto inapewa namba zilizo chini ya sifuri. Monita mpya kwa kawaida Windows huipachika kulia. Kama nawe umeiweka kulia, umebahatika, na huenda usijue kamwe kwamba ramani ipo. Kama umeiweka kushoto, ugomvi unaanza. Karibu kila tatizo la mpangilio ninaloletewa ni hilohilo likiwa limevaa nguo tofauti: ramani inasema hivi, meza inasema vile.

Basi kabla hujanunua kebo mpya wala kumwita fundi, jiulize maswali mawili, na usiyachanganye. Je, kompyuta inaiona skrini? Na kama inaiona, je, inajua iko wapi? Swali la kwanza ni la waya, matundu na umeme. La pili ni la ramani tu, na kulitatua hakugharimu hata shilingi. Nimeona watu wakilipia la pili kwa bei ya la kwanza, na hilo linaniuma.

Nianze na la pili, kwa kuwa ndilo la wengi. Kompyuta nyingi kwetu zimewekwa Kiingereza, kwa hiyo maneno ya kwenye menyu nitayaandika kama utakavyoyakuta. Kwenye Windows, bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye skrini, kisha chagua Display settings. Juu utaona mistatili yenye namba. Kila mstatili ni skrini moja. Bofya Identify, na namba kubwa itatokea kwa muda mfupi kwenye kila skrini halisi. Usihangaike namba 1 ikiwa kulia na namba 2 kushoto. Namba hizo si mpangilio, ni majina tu. Sasa ushike mstatili wa monita yako na uuburute mpaka ukae mahali pale pale monita ilipo mezani. Iko kushoto, uweke kushoto. Iko juu ya kompyuta, kwenye kibao cha ukutani, uweke juu. Bofya Apply. Kwa wenye Mac, ni System Settings, halafu Displays, halafu Arrange. Ubuntu nayo ina ukurasa wa Displays ndani ya Settings, na mistatili inaburutwa vivyo hivyo.

Wengi huishia hapo na kuridhika, kumbe kuna jambo la pili ambalo hukera kimyakimya kwa miaka: kimo. Kishale huvuka kutoka skrini moja hadi nyingine pale tu kingo mbili zinapogusana kwenye ramani. Pasipogusana ni ukuta, isipokuwa kwenye Windows 11 yenye alama kwenye Ease cursor movement between displays. Chukua mfano wa kawaida kabisa: kompyuta mpakato ya zamani kidogo, yenye nukta za picha (pixel) 1366 kwa 768, na pembeni yake monita yenye nukta 1920 kwa 1080. Toa 768 kutoka 1080, unabaki na nukta 312. Ikiwa mistatili imelingana kwa chini, basi sehemu ya juu ya monita, nukta 312 nzima, haina jirani. Ukiwa huko juu, labda umetoka kubofya kitufe cha kufunga dirisha, ukasukuma kishale kuelekea kwenye kompyuta, kitagoma. Utakisukuma tena, kitagoma tena, na utaanza kulaumu kipanya. Kipanya hakina kosa.

Kwa kupanga mistatili peke yake, ukuta huo huwezi kuuondoa wote, kwa sababu skrini zenyewe hazilingani. Unachoweza ni kuchagua ukae wapi. Kaa kwenye kiti chako kama unavyokaa siku zote. Tazama kompyuta yako inaanzia wapi ukilinganisha na monita: mara nyingi monita imeinuliwa na kompyuta iko chini. Kisha sogeza mstatili mdogo juu au chini kidogo kidogo mpaka kishale kikivuka kiibukie mahali ambapo jicho lako linakitarajia. Jaribu, rudia, jaribu tena. Hii ni kazi ya dakika tano inayofanana na kupanga picha ukutani: hatua moja nyuma, unatazama, unarekebisha. Ifanye kwa utulivu, usiifanye huku mteja anasubiri.

Jambo lingine la ramani ni skrini kuu. Hiyo ndiyo yenye sifuri, na ndiyo ambayo programu nyingi hufungukia na ujumbe wa nywila hujitokeza. Ikiwa unafanya kazi ukitazama monita kubwa lakini kila kitu kinafunguka kwenye kompyuta ndogo pembeni, rudi kwenye mistatili, bofya kwanza ule wa monita kubwa, kisha shuka chini ukaweke alama kwenye Make this my main display. Ukikuta maneno hayo yamefifia na hayakubali kubofywa, maana yake umebofya mstatili ambao tayari ndio mkuu. Hapo ndipo wengi hukwama na kusema kompyuta imekataa.

Kisha kuna madirisha yanayopotea, na hapa sisi tunaoishi na umeme wa kukatika tuna shida yetu maalumu. Umeme ukikatika, monita inazimika papo hapo, lakini kompyuta mpakato inaendelea kwa betri. Madirisha yaliyokuwa kwenye monita yanarukia kwenye skrini ndogo, au programu nyingine inabaki ikiamini kuwa iko kule kusikokuwepo tena. Unaona alama yake chini, unaibofya, hakuna kinachotokea. Haijafa. Iko gizani, nje ya ramani. Bonyeza Alt pamoja na Tab uichague, halafu ushikilie kitufe cha Windows na Shift, ubonyeze mshale wa kushoto au wa kulia. Dirisha litaruka kutoka skrini moja hadi nyingine. Isipokubali, bonyeza Alt na kitufe cha nafasi, halafu herufi M, halafu mshale wowote mara moja, kisha sogeza kipanya bila kubofya: dirisha litajishikiza kwenye kishale na kukifuata mpaka ulione. Njia hii ya mwisho ni ya miaka mingi na bado inaokoa kazi za watu. Ikiwa dirisha lilikuwa limejaza skrini nzima, herufi M huenda isikubali. Bonyeza R kwanza ili lirudi kwenye ukubwa wa kawaida.

Windows 11 imeongeza chaguo zuri kwenye ukurasa ule ule wa skrini, chini ya Multiple displays: ikumbuke madirisha yalikuwa wapi kulingana na monita iliyochomekwa. Hakikisha alama ipo. Umeme ukirudi, mengi yatarudi mahali pake yenyewe. Na kama una betri ya akiba kwa ajili ya kifaa cha intaneti, ipe na monita nafasi ikiwa nguvu inatosha. Monita ya kawaida ya ofisi haili umeme mwingi, na dakika kumi za kuhifadhi kazi kwa utaratibu zina thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Sasa swali la kwanza: kompyuta haiioni skrini kabisa. Mbele yako kuna weusi na maandishi kwamba hakuna mawimbi. Usikimbilie kubadilisha kitu. Anza na monita yenyewe: ina matundu zaidi ya moja, na lazima iambiwe isikilize lipi. Tafuta kitufe cha kuchagua chanzo, uchague tundu ulilochomeka kweli. Monita nyingi zilizotangazwa kuwa mbovu nilizipata zikisikiliza tundu tupu. Kisha bonyeza kitufe cha Windows na P. Utapewa njia nne: skrini ya kompyuta peke yake, picha moja kwenye skrini zote, kupanua, au skrini ya pili peke yake. Unayoitaka ni Extend, yaani kupanua. Yule anayelalamika kwamba skrini zake mbili zinaonyesha kitu kimoja, jibu lake liko hapa, na halihitaji zaidi ya hapa.

Bado weusi? Shikilia kitufe cha Windows, Ctrl na Shift, kisha bonyeza B. Skrini itapepesa, huenda ukasikia mlio mfupi. Umeiamsha upya programu inayoendesha picha, na kazi uliyokuwa umefungua haijapotea. Baada ya hapo ndipo uguse kebo: ichomoe pande zote mbili, itazame pini kama hazijapinda, irudishe mpaka ikae sawasawa. Jaribu kebo nyingine unayojua inafanya kazi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha kebo, tundu na adapta kwa mpigo, hata skrini ikiwaka hutajua kilichokuwa kibovu, na utabaki na vitu vitatu vya mashaka kwenye droo.

Kwenye adapta nataka nikae kidogo, kwa sababu ndiko pesa zinakopotea. Monita nyingi zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, kwa bei nafuu zilitumika kwanza kwenye ofisi za nje. Ni imara, na mimi mwenyewe nazipendekeza. Lakini mara nyingi matundu yake ni VGA, lile la bluu lenye pini 15 lililoanza na kompyuta za IBM mwaka 1987, au DVI, au DisplayPort, wakati kompyuta yako ina HDMI au USB-C tu. Hapo inaingia adapta, na adapta nyingi zina mwelekeo. Inayotoa picha kwenye HDMI ya kompyuta na kuipeleka VGA ya monita haifanyi kazi ikigeuzwa. Vivyo hivyo ile ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI: huwezi kuitumia kutoka HDMI kwenda DisplayPort, safari hiyo inataka kifaa chenye kubadilisha mawimbi, ambacho kwa kawaida kina waya wake wa umeme. Kati ya HDMI na DVI, hata hivyo, kebo rahisi inatosha pande zote, ila usitegemee sauti. Dukani usiseme tu "nataka ya HDMI na VGA." Sema: picha inatoka kwenye kompyuta yenye HDMI, inaingia kwenye monita yenye VGA. Muuzaji mzuri atakuelewa mara moja.

Tundu la USB-C nalo lina mtego wake. Umbo hilo la tundu, lililotoka mwaka 2014, halikuambii kazi yake. Mawili yanayofanana kama pacha, moja hupitisha picha, jingine huchaji na kuhamisha mafaili tu. Tazama kama pembeni kuna alama ya radi au herufi D na P zilizounganishwa. Pasipo alama, tafuta maelezo ya modeli yako kamili kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla hujanunua adapta. Adapta ya kawaida, iwe ya bei yoyote, haitatoa picha kwenye tundu lisilo na waya wa picha ndani yake.

Na kuna kile kikebo chenye kichwa kimoja na mikia miwili ya HDMI. Niliwahi kuuziwa, nikiambiwa kitanipa skrini mbili za ziada. Kilinipa kweli skrini mbili, zikionyesha picha ileile. Kifaa hicho hugawa picha moja, kama bomba linalogawa maji yaleyale kwenye ndoo mbili. Kwa kompyuta, hiyo ni skrini moja tu, kwa hiyo kwenye ramani utaona mstatili mmoja, na hakuna mpangilio utakaoutenganisha. Ukitaka skrini mbili za ziada zenye kazi tofauti, unahitaji matundu mawili ya picha, au kituo cha kuunganishia (docking station) kinachofanya kazi hiyo kweli.

Hata hapo, kompyuta yenyewe ina kikomo. Nyingi zenye chipu za Intel za miaka ya karibuni huendesha skrini tatu au nne, na ile ya kompyuta yenyewe ikihesabiwa. MacBook Air yenye chipu ya M1 au M2 inakubali monita moja tu ya nje. Ya M3 inakubali mbili ikiwa umefunga kifuniko. Ya M4, iliyotoka mwaka 2025, inakubali mbili kikiwa wazi. Njia ya kuzunguka kikomo hicho ni vifaa vya DisplayLink, vinavyopitisha picha kwa USB kwa msaada wa programu unayoisakinisha. Kwa hesabu na maandishi vinafaa sana. Kwa kazi ya video sivipendekezi. Na mwenye Mac asifunge safari kununua monita za kuunganishwa mnyororo, ya kwanza ikiilisha ya pili kwa DisplayPort: kwenye Windows yawezekana, kwenye Mac zote mbili zitaonyesha picha moja.

Skrini ikishaonekana na ikishakaa mahali pake, linabaki la macho. Kompyuta ya inchi 15.6 na monita ya inchi 24 zikiwa zote na nukta 1920 kwa 1080, idadi ni ileile lakini eneo si lile. Kwenye kompyuta nukta zimebanana, kama 141 kwa kila inchi. Kwenye monita ni kama 92. Ndiyo maana dirisha linanenepa na kukonda likivuka. Dawa si kupunguza nukta, kwani hapo maandishi yatakuwa na ukungu. Acha nukta kwenye idadi iliyoandikwa Recommended, kisha badilisha Scale, kila skrini kivyake: kompyuta asilimia 125, monita 100. Programu za zamani huenda zikabaki na ukungu mpaka utoke kwenye akaunti yako na kuingia tena.

Ikiwa idadi sahihi ya nukta haimo kabisa kwenye orodha, shuku kebo au adapta. Kila monita hujitambulisha kwa kompyuta kupitia kebo hiyohiyo: mimi ni fulani, nukta zangu ni kadhaa. Kebo mbovu ikiumeza utambulisho huo, kompyuta inakisia, na hukisia kidogo. Na mwenye monita ya 4K anayeona kishale kinaburura miguu, huenda anatumia HDMI 1.4, inayobeba picha hizo mara 30 tu kwa sekunde, ya 2.0 hubeba mara 60. Wanaotumia televisheni kama monita na kuona kingo zimekatwa, wachukue rimoti watafute ukubwa wa picha, wachague ule usiokuza. Tatizo liko kwenye televisheni, si kwenye kompyuta.

Wengine hupanga vizuri jioni, asubuhi wanakuta kila kitu kimevurugika. Mara nyingi chanzo ni kubadilisha matundu. Kompyuta inakumbuka monita pamoja na tundu ilimoingilia, hivyo monita mbili zinazofanana zikibadilishana kebo, ramani nayo inageuka. Bandika kipande cha karatasi yenye gundi kwenye kila kebo, uandike kushoto au kulia. Na kama unapenda kufunga kifuniko ubaki na monita pekee, nenda Power Options, useme kompyuta isifanye chochote kifuniko kikifungwa, la sivyo italala na kuvuruga mpangilio. Binafsi, kwa joto la pwani, nashauri kifuniko kiachwe wazi, kwani kompyuta nyingi hupumulia karibu na kibodi.

Mwisho, shingo yako. Skrini unayoitazama zaidi iwe mbele yako moja kwa moja, ukingo wake wa juu ukilingana na macho, na ile nyingine ndiyo ikae pembeni. Ukihamisha monita mezani kwa ajili ya shingo, usisahau kuuhamisha na mstatili wake.

Ukishamaliza na kila kitu kikakaa sawa, fungua tena ukurasa wa mistatili na uupige picha kwa simu, kisha upige na picha ya nyuma ya kompyuta, kebo zikionekana zimeingia wapi. Siku umeme utakapokatika, au mtu wa usafi atakapochomoa waya, fungua picha hizo mbili kabla hujampigia fundi.